Gari la Paka na Ndege

Mwizi wa kawaida akiona gari jipya limekaa miezi minane bila kusogea, huona gari. Hewala aliona kamati.

Alikuwa kwa kinyozi, nusu ya kidevu imenyolewa na nusu ina povu, macho yake yalipovuka barabara na kuingia katika lango lililokuwa wazi. Ndani ya lango kulikuwa na ua, na katikati ya ua kulikuwa na gari la mizigo, jeupe, refu, lenye matairi mapya ambayo hata vinywele vya mpira vya kiwandani vilikuwa bado vimesimama. Mbele yake mama mmoja mnene mwenye miwani alikuwa ameubana ufunguo kifuani kama hati ya kiwanja. Mbele ya huyo mama, mzee mmoja mwembamba, suruali imepigwa pasi mpaka inaweza kukata mkate, alikuwa amepakata betri ya gari kama mtoto mchanga.

"Bila ufunguo, betri yako ni tofali!" alisema mama.

"Bila betri, ufunguo wako ni wa kuchokolea masikio!" alijibu mzee.

Hewala alimshika kinyozi mkono. "Ndugu yangu, wale ni akina nani?"

"Wale?" Kinyozi alipangusa wembe. "Jumuiya ya Kulea Paka na Kulinda Ndege. Yule mama ni mkunga mstaafu, yuko upande wa paka. Mzee alikuwa mwalimu wa hesabu, yuko upande wa ndege. Mfadhili aliwapa gari, wakashindwa kukubaliana limbebe nani kwanza. Basi Mkunga akachukua ufunguo, Mwalimu akang'oa betri. Jioni kila mtu anakwenda na chake nyumbani."

"Paka na ndege? Jumuiya moja?"

"Mimi ni kinyozi," alisema kinyozi. "Mambo ya vichwa vya watu kwa ndani usiniulize."

Hewala akafumba macho, povu likimkauka shavuni, na kwa muda mfupi alifanana kabisa na mtu wa ibada.

Inafaa tumtambulishe kwa heshima anayostahili, yaani kidogo. Jina lake halisi lilijulikana na watu wawili: dada yake, na askari wa zamu. Mjini aliitwa Hewala kwa sababu hakuwahi kumkatalia mtu neno. Aliyesema mvua itanyesha alijibiwa hewala, aliyesema haitanyesha alijibiwa hewala, na wote wawili waliuziwa mwavuli. Hewala haigombi, walisema wahenga. Walisahau kuongeza kwamba huiba.

Na jumuiya nayo ina haki ya kuelezwa. Ilianzishwa na mume na mke waliopendana sana na kutokubaliana kabisa. Mke alikuwa akiokota paka, mume akitibu ndege waliovunjika mabawa, na jinsi walivyoishi chini ya paa moja bila msiba wa kila siku ni siri waliyokwenda nayo kaburini. Nyumba waliiacha kwa maandishi: iwe ya paka wa mke na ndege wa mume, kwa kiasi sawa. Maneno hayo matatu ndiyo yalikuwa ibara ya kwanza ya katiba, na kusema kweli ndiyo ibara pekee iliyosomwa. Ukumbi ulipigwa mstari wa rangi katikati. Vikombe viligawanywa. Mlango wa mbele ulifunguliwa na mtu wa paka wiki hii na mtu wa ndege wiki ijayo, na wiki ya mapumziko watu walipitia dirishani.

Hewala alivuka barabara siku ileile, kidevu kikiwa laini pande zote mbili, kwapani ana faili la bluu. Ndani ya faili mlikuwa na orodha ya vipuri vya trekta aliyoiokota katika yadi ya shemeji yake, mume wa dada yake, ambaye kazi yake ilikuwa kununua magari mazima na kuyauza yakiwa vipande, bila kuuliza maswali kabla, wakati wala baada.

"Shikamoo Mwalimu. Shikamoo Mama. Mimi ni msawazishaji wa malengo."

"Wa nini?" aliuliza Mkunga.

"Malengo, Mama. Jumuiya nyingi zina malengo mawili yanayovutana kama mbuzi wawili kwenye kamba moja. Mimi huwafanya mbuzi watembee."

Mwalimu alimtazama juu mpaka chini. "Una cheti?"

"Vyeti, Mwalimu," alisema Hewala kwa huzuni, akapigapiga faili. "Vingi."

"Basi umekuja kwa wakati wake," alisema Mkunga, na ghafla sauti ikamshuka. "Ijumaa saa sita mchana anakuja mkaguzi wa mfadhili. Akikuta gari halijatembea, analichukua. Wanapewa wale watu wa jumuiya ya miti."

"Watu wa miti!" Mwalimu alitamka kama anatema mbegu. "Mti una haraka gani ya kupanda gari?"

Kwa mara ya kwanza mwezi huo walikubaliana jambo, wakaona aibu, kila mmoja akatazama pembeni.

"Mimi sitafuti sifa, mwanangu," Mkunga alimwambia Hewala. "Kila wiki natembea na kikapu mpaka ng'ambo ya mji kuchukua vipaka vinavyotupwa. Goti hili limezalisha nusu ya mji huu, sasa limechoka. Gari likichukuliwa, nami nimekwisha."

"Na mimi," alisema Mwalimu, akiihamisha betri kwenye bega la pili, "nina ndege wanaoletwa kwenye mifuko ya saruji. Mifuko ya saruji, bwana! Wanafika weupe kama mizimu."

Hewala alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Ukweli wake ulikuwa huu: gari zuri namna ile kuchukuliwa na watu wa miti, wakati yeye yupo, lingekuwa jambo la kusikitisha sana.

Jumanne saa nne alikunywa chai upande wa paka. Paka kumi na wanne walimkagua viatu. Mmoja, mkubwa, mwenye sikio moja, alikaa juu ya faili na akakataa kuondoka.

"Mama," alinong'ona Hewala, "tuseme ukweli sisi wawili. Nani roho ya jumuiya hii?"

"Kwa kiasi sawa," alisema Mkunga haraka, kama mtoto aliyekariri.

"Hiyo ni katiba. Nakuuliza wewe."

Mkunga alitazama dirishani. "Paka," alisema kwa sauti ndogo.

"Hewala! Na ndege?"

"Ndege... wana kelele."

"Kelele zenye manyoya, Mama. Sasa sikiliza. Mimi namwambia Mwalimu gari ni la wote. Atanipa betri. Nikishaipata, nawabeba ndege wake, nawapeleka mahali pazuri sana, mbali sana, na kurudi hawarudi. Gari linabaki la paka, na wewe unapumzisha goti."

Mkunga aliona haya. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mahali pazuri kweli?"

"Pana maji na kivuli."

"Basi sawa," alisema mama aliyezalisha nusu ya mji, na chai ikampalia.

Jumatano saa tatu Hewala alikuwa upande wa ndege, amekaa kwenye kiti ambacho Mwalimu alikuwa amekitandikia gazeti, kwa sababu zilizodondoka kutoka juu kila mara. Mazungumzo yalikuwa yaleyale, ila yamegeuzwa kama soksi. Ndege ndiye aliyekuwa roho. Paka alikuwa jambazi mwenye masharubu. Mahali pazuri, mbali sana, palikuwa tayari kuwapokea paka.

"Pana maji?" aliuliza Mwalimu.

"Na kivuli."

Mwalimu alipiga hesabu kichwani kwa muda mrefu, midomo ikichezacheza. "Hesabu inakubali," alisema mwishowe. "Moyo ndio unabakiza."

"Moyo utazoea," alisema Hewala, aliyekuwa na uzoefu wa jambo hilo.

Alasiri hiyo alipita kwa shemeji yake na kumwambia aandae nafasi.

"Gari la nani?" aliuliza Shemeji, kisha akajipiga mdomoni. "Samahani. Ulevi wa zamani wa kuuliza."

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kikao cha uamuzi, na hapo ndipo Hewala alipokutana na jambo ambalo tapeli hawezi kulitabiri hata akisoma mpaka macho yaote magamba: watu waaminifu.

Jumuiya ilikuwa na madaftari mawili. Kila jambo ambalo kiongozi ameambiwa kuhusu mali ya jumuiya, awe ameambiwa ukumbini, jikoni au chooni kupitia ukuta, sharti aliandike katika daftari la upande wake. Siku ya uamuzi madaftari husomwa kwa zamu mbele ya wote. Mtu mwingine yeyote angeruka ukurasa wa njama aliyokula. Lakini kanuni haikusema njama zirukwe, na hawa wawili hawakuwahi kuruka kanuni tangu kuzaliwa.

Mkunga alisimama upande wake wa mstari, akasoma kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Jumanne, saa nne. Mgeni amesema paka ndiye roho ya jumuiya, na ndege ni kelele zenye manyoya."

Mwalimu akakohoa, akafungua la kwake. "Jumatano, saa tatu. Mgeni amesema ndege ndiye roho ya jumuiya, na paka ni jambazi mwenye masharubu."

"Ameahidi kuwapeleka ndege mbali, wasirudi. Nimekubali." Mkunga alisogeza daftari karibu na miwani. "Nimeona haya kidogo."

"Ameahidi kuwapeleka paka mbali, wasirudi. Nimekubali. Sikuona haya." Mwalimu aligeuza ukurasa. "Nyongeza, saa tisa alasiri: nimeona."

Paka wa sikio moja aliacha kujilamba. Hewala aliupima ukuta wa ua kwa macho, akaona juu umepandwa vipande vya chupa. Akapima dirisha, akaona wiki hii si ya mapumziko.

"Wewe mtu," alisema Mkunga taratibu, "umetudanganya."

Kuna watu ambao kwenye shida hupoteza ulimi. Hewala kwenye shida alipoteza kila kitu kingine, akabaki ulimi mtupu.

"Nani amedanganywa, Mama?"

"Sisi sote wawili!"

"Kwa kiasi gani?"

Mwalimu, ambaye hakuwahi kuliacha swali la hesabu likikaa peke yake, alichukua madaftari yote mawili, akayaweka kando kwa kando, akapitisha kidole mstari baada ya mstari. Tusi moja kwa paka, tusi moja kwa ndege. Ahadi moja huku, ahadi moja kule. Maji na maji. Kivuli na kivuli.

"Kwa kiasi..." alianza Mwalimu, akasita.

"Katiba yenu inasemaje?" aliuliza Hewala kwa upole wa kuhani.

"Kwa kiasi sawa," walisema wote wawili.

"Nimetembea kwenye jumuiya nyingi," alisema Hewala, na mkono wake ukajikuta uko kifuani. "Kote wanaletewa washauri wanaompendelea huyu kidogo na kumwonea yule kidogo. Niambieni, wazee wangu, katika miaka yote hii, kuna mtu mwingine aliyewahi kuwatendea kwa usawa kama huu?"

Mkunga alivua miwani. "Mshauri wetu wa kwanza alipenda ndege," alisema.

"Yule wa pili alikuwa na paka wake nyumbani," alisema Mwalimu. "Alificha, lakini suruali ilijaa manyoya."

Walitazamana juu ya mstari. Kila mmoja alikuwa amekubali kumfukuza mwenzake, kila mmoja alikuwa ameliandika, na kila mmoja alikuwa amelisoma kwa sauti. Hakuna aliyekuwa na jiwe la kumtupia mwingine. Ni jambo la ajabu, lakini hivyo ndivyo amani ilivyoingia katika nyumba ile, kupitia dirisha la aibu.

"Mtu anayeweza kuamini mambo mawili yanayopingana bila kuumwa kichwa," alisema Mwalimu, "huyo ndiye tumekuwa tukimtafuta."

Ndani ya robo saa Hewala aliteuliwa kuwa Mkurugenzi, kwa barua yenye mihuri miwili. Walipomuuliza jina lake kamili, mshangao ulimfanya ataje la kweli, kosa ambalo hakuwa amelifanya tangu darasa la nne.

"Sharti moja tu," alisema Mkunga. "Gari lionyeshe malengo yote mawili. Sisi wenyewe tutalipaka rangi. Nusu yake, nusu yangu."

"Hewala!" alisema Hewala, ambaye angekubali walipake hata asali. Rangi hukwanguliwa.

Ijumaa asubuhi gari lilikuwa tayari. Ubavu wa kushoto ulikuwa na paka mkubwa kuanzia taa za mbele mpaka za nyuma. Mkunga hakuwahi kuchora paka, kwa hiyo aliweka uso aliouzoea, na matokeo yake yalikuwa paka mwenye sura ya mama aliye katika uchungu wa kujifungua. Chini yake, kwa herufi za kusomeka hata na mtu aliyelala: TULETEE PAKA WAKO. Ubavu wa kulia ulikuwa na ndege aliyechorwa kwa rula na bikari, mabawa yakiwa pembetatu mbili zilizolingana kabisa: TULETEE NDEGE WAKO. Ndani, Mwalimu alikuwa amefunga wavu katikati, kutoka mbele mpaka nyuma, uliopimwa mara tatu.

Betri ikarudi mahali pake. Ufunguo ukawekwa kwenye kiganja cha Hewala.

"Zunguka soko mara moja, Mkurugenzi, urudi kabla ya saa sita," alisema Mkunga. "Mkaguzi aone vumbi kwenye matairi. Sisi tungekusindikiza, lakini kiti cha mbele kimoja tu."

"Apande yeye," alisema Mwalimu.

"Hapana, apande yeye."

Wakaheshimiana mpaka hakupanda mtu. Hewala akawasha gari, injini ikanguruma kwa furaha ya mfungwa aliyesamehewa, akatoka langoni. Kwenye kioo cha pembeni aliwaona wamesimama bega kwa bega wakipunga mikono, Mkunga akijifuta macho kwa upindo wa kitambaa chake. Hewala alikigeuza kioo. Dereva makini hatazami nyuma bila sababu.

Soko lilikuwa kulia. Alikata kushoto.

Alikwenda salama kama dakika nne. Kwenye kona ya kwanza alipunguza mwendo, na hapo mwanamke mmoja akaruka kutoka dukani upande wa kushoto, ameshika paka shingoni kama kilo ya nyama.

"Simama! Dereva, simama! Mungu akubariki. Huyu amezaa kwenye kabati langu la nguo mara tatu!"

"Mama, mimi nina har..."

Mlango wa nyuma ulishafunguliwa na kufungwa. Upande wa kulia mzee wa duka la viatu alikuwa anakuja mbio na sanduku la viatu lililokuwa linapiga kelele. "Kwaru!" alieleza. "Ndege wa porini! Ameanguka kwenye gundi!"

Tatizo, kama Hewala alivyoanza kulielewa, lilikuwa la jiometri. Barabara ina pande mbili. Gari lina pande mbili. Waliosimama kushoto waliona jumuiya ya paka, waliosimama kulia waliona jumuiya ya ndege, na pote alipopita alikuwa jibu la maombi ya mtu. Kwenye foleni ya njia panda alipokea paka wanne na njiwa. Alifunga vioo, wakamgongea bodi. Fundi cherehani alimpa paka aliyejaa uzi. Wakili mmoja aliyevaa suti alimpa kasuku ndani ya tundu na kuondoka haraka bila kusema kwa nini, na sababu ikajitokeza yenyewe gari lilipokata kona.

"Napinga!" alisema kasuku.

Kisha askari wa barabarani akainua mkono.

Moyo wa Hewala ulishuka mpaka kwenye breki. Alishusha kioo na kuvaa tabasamu la kanisani.

"Habari za kazi, afande."

"Fungua nyuma."

"Afande, mimi naweza kueleza..."

"Fungua nyuma, nimesema."

Hewala alifungua, akinyoosha mikono tayari kwa pingu. Askari aliinama nyuma ya kibanda chake, akaibuka na bata bukini mkubwa, mweupe, mwenye macho ya mkopeshaji. "Huyu," alisema askari, akihema, "tangu Jumatatu anaongoza magari pamoja nami. Na watu wanamtii yeye. Mchukue."

"Napinga," alisema kasuku.

Gari lilipoingia katika yadi ya Shemeji, lilikuwa na paka kumi na mmoja, ndege tisa, na Mkurugenzi mmoja mwenye unyoya puani. Shemeji alilizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Uliniambia gari jeupe."

"Ni jeupe, shemeji. Chini ya paka."

"Na mimi navunja gari, nauza mlango mmojammoja. Mteja atanunua mlango wenye jicho la paka? Akiuliza jicho la pili liko wapi, nimpeleke kwa nani?"

"Tutakwangua."

"Mji mzima umeliona. Mpaka hapa umesindikizwa na watoto." Bata alikuwa ameshashuka na kumsukuma Shemeji kutoka kwenye njia yake mwenyewe. "Na hawa nao nivunje niuze vipande?"

"Waachie huru tu hapa."

"Hapa? Shemeji, mimi ni mwizi. Si mtu katili."

Mlango wa nyumba ya nyuma ya yadi ukafunguka, akatoka Dada. Dada ndiye aliyemlea Hewala tangu ana meno ya utoto, kwa mkono wa kushoto akimlisha na kwa wa kulia akimtandika, na kwa miaka ishirini alikuwa na ombi moja tu kwa Mwenyezi Mungu: mdogo wangu apate kazi. Kazi yoyote. Hata ya kusukuma mlango. Majirani walipouliza huyu ndugu yako anafanya nini, alikuwa akijibu, "Yuko safarini," na kubadilisha mazungumzo.

"Hizi kelele ni za nini?" aliuliza, kisha akamwona Hewala kwenye usukani. Akaona kilichoandikwa ubavuni. Akaona, kwenye dashibodi, barua. Alinyoosha mkono kupitia dirishani kabla Hewala hajabuni uongo, akaisoma, midomo ikifuata kila neno.

"Mkurugenzi," alisema Dada.

"Dada, subiri nikueleze."

"Mkurugenzi! Na jina lako ndilo hili, lote, mpaka la babu!" Sauti ilimpasuka. "Na muhuri si mmoja, ni miwili!" Alipiga kigelegele kilichowanyamazisha paka wote kumi na mmoja, akatoa simu. "Haloo! Mama mdogo? Kaa chini. Uko peke yako? Usiwe peke yako, ita watu. Mdogo wangu ni Mkurugenzi! Ndiyo, huyuhuyu! Hapana, hajakamatwa!"

Hewala alimtazama Shemeji kwa macho ya kuomba msaada. Shemeji aliinua viganja vyote viwili.

"Shemeji, gari la wizi nanunua," alinong'ona. "Gari lililomfanya mke wangu apige kigelegele, siligusi hata kwa fimbo."

Dada alikuwa ameshajifunga kitambaa kipya na kukaa kiti cha mbele, bata amempakata. "Twende," alisema, machozi yakimtiririka. "Nataka nione ofisi. Nataka nione kiti unachokalia."

Maishani mwake Hewala alikuwa ametamka neno lile mara elfu na halikuwahi kumgharimu kitu. Safari hii lilitoka kama jino.

"Hewala," alisema.

Saa sita kasoro dakika mbili, katika ua wa Jumuiya, mkaguzi wa mfadhili alikuwa ameshavua kifuniko cha kalamu. Alikuwa kijana msafi mwenye fomu. Mkunga na Mwalimu walisimama mbele yake, hakuna anayethubutu kutazama barabarani.

"Kwa hiyo gari halipo," alisema mkaguzi.

"Lipo," alisema Mkunga. "Liko kazini."

"Kwa miezi minane liliku..."

"Lipo kazini, bwana mdogo," alisema Mwalimu. "Tumempa mtu tunayemwamini."

Hapo honi ikalia, gari likaingia langoni likiwa limejaa vumbi, manyoya na malalamiko. Mkunga alifungua mlango wa nyuma. Kipaka kimoja chenye uzi kilimdondokea mikononi, akakaa chini palepale kwenye changarawe, akilia na kukichambua uzi kwa wakati mmoja. Mwalimu alimtoa kwaru mwenye gundi, akampuliza taratibu, akamwita mwanangu. Kisha, bila kutafakari, alimshikia Mkunga kikapu, na Mkunga akamshikia tundu la kasuku, na hakuna aliyekumbuka mstari uko wapi.

Mkaguzi aliandika mpaka fomu ikageuzwa upande wa pili. "Gari linabaki hapa," alisema. "Mkurugenzi, naomba nikuulize. Nina jumuiya nyingi. Hata watu wa miti wamegawanyika: wako wa kivuli na wako wa mbao, hawasalimiani. Wewe umewezaje kuyabeba malengo mawili yanayopingana, kwenye gari moja, asubuhi moja?"

Hewala alitazama lango. Dada alikuwa ameshalifunga. Alikuwa amevuta kigoda, amekiweka mbele ya komeo, amekaa, mikono ameikunja, na uso wake ulimeta kwa fahari.

"Sikuona njia nyingine," alisema Hewala.

"Sikuona njia nyingine," alirudia mkaguzi kwa heshima, akiandika. "Maneno mazito sana."

"Umesikia wanavyomwandika?" Dada alimwambia bata. Kisha akapaza sauti: "Mkurugenzi! Chukua ufagio, huyu mwenzio hajui choo kiko wapi!"